Wito wa Harambee: Tumshike Mkono Tangu Darasani Hadi Usajili

Ndugu, jamaa na marafiki wa kikundi chetu,

Tunawaandikia sisi wahandisi wanawake wa ujenzi, wa umeme, wa mitambo, wa maji na wa kompyuta. Wengi wenu mnatufahamu kwa zile ziara za Jumamosi, tunapobeba masanduku ya vifaa na kwenda shuleni kukaa na wanafunzi. Safari hii tuna ombi kubwa kuliko ya miaka iliyopita: mchango wa vifaa vya wanafunzi, na wa kuwavusha wenzetu waliokwama hadi wasajiliwe kuwa wahandisi kamili. Tunawasihi mtusome hadi mwisho kabla hamjaamua.

Katika ziara moja tuliweka juu ya kila meza betri ya volti 9, nyaya, rezista ya kupunguza umeme na taa ndogo ya LED. Meza ya nyuma wavulana wawili walishika vifaa vyote, na binti mmoja akaachiwa kazi ya kuandika. Aliandika kwa mwandiko mzuri sana mambo ambayo hakuyagusa. Mwenzetu akamwekea vifaa vyake peke yake, akarudi nyuma hatua mbili, akanyamaza. Taa haikuwaka. Binti akabadilisha nyaya, akabadilisha betri, wapi. Mwishowe akaichomoa ile taa, akaisogeza karibu na macho, akaona kwamba mguu wake mmoja ni mrefu na mwingine mfupi. Akaigeuza, ikawaka. Hakupiga kelele. Aliichomoa na kuichomeka tena mara tatu, mpaka akaridhika kwamba ni yeye aliyeiwasha.

Kwa wasioijua, LED hupitisha umeme upande mmoja tu, na mguu mrefu ndio wa chanya. Tungeweza kuliandika hilo ubaoni kwa dakika moja na kuokoa nusu saa. Hatujutii hata kidogo nusu saa ile.

Tulipokuwa tunafunga masanduku, binti yule alimfuata mwenzetu akamuuliza, “Na wewe umejenga nini?” Mwenzetu alikuwa amekokotoa mihimili ya daraja zima, usiku na mchana, kwa miezi. Lakini michoro ilitoka na saini ya mtu mwingine, kwa sababu yeye hajasajiliwa. Akajibu, “Nimesaidia kujenga daraja.” Kwenye gari hakusema neno njia nzima.

Kila tukisimulia habari ya taa, watu huchangia, na tunawashukuru kwa dhati. Habari ya swali lile hatukuwahi kuisimulia. Ndiyo iliyotufanya tuandike barua hii.

Katika nchi nyingi shahada peke yake haimpi mtu haki ya kutia saini michoro. Mhitimu hufanya kazi miaka kadhaa chini ya mhandisi aliyesajiliwa, anajaza kitabu cha kumbukumbu za kazi, anaandika ripoti, anahojiwa au anafanya mtihani, na kila hatua ina ada yake. Miaka hiyo ndiyo pia ambayo wengi wetu huzaa. Mwanamke anarudi kutoka likizo ya uzazi anakuta mradi wake kapewa mwingine, msimamizi kahama, na kurasa za miezi minane hazina saini. Mafunzo yanafanyika jioni, na mtoto hana wa kukaa naye. Mwaka unapita, unafuata mwingine, naye bado anaitwa msaidizi. Hapo ndipo tunapowapoteza: si darasani, wala si chuoni.

Mimi ninayeandika kwa niaba ya wenzangu niliingia saitini mara ya kwanza na buti zilizozidi mguu wangu namba mbili, maana stoo ilikuwa na za wanaume tu. Nilijaza magazeti kwenye ncha. Mkanda wa usalama nao ulikatwa kwa mwili wa mwanamume: nikiukaza kiunoni, unalegea mabegani. Kupanda jukwaa la ujenzi hadi ghorofa ya tatu kwa buti inayocheza mguuni kunatisha, na niliogopa kusema kwamba naogopa. Aliyeniokoa ni dada mmoja aliyenitangulia kazini. Aliniletea buti zake za zamani, kisha kila Alhamisi jioni akawa anakaa nami tukipitia ripoti yangu ya usajili aya kwa aya. “Hapa umeandika ‘tulifanya’,” alikuwa akiniambia. “Wewe ulifanya nini?” Bila zile Alhamisi nisingesajiliwa.

Waliotutangulia mbali zaidi nao walipita njia hiyo. Mwaka 1919 nchini Uingereza, vita vilipokwisha na wanawake waliokuwa viwandani wakatakiwa kuwapisha wanaume, baadhi yao waliunda Women's Engineering Society, yaani chama cha wahandisi wanawake, ili wasirudishwe walikotoka. Mwaka huohuo Edith Clarke alipata shahada ya uzamili ya uhandisi wa umeme katika chuo cha MIT, Marekani, mwanamke wa kwanza kuipata hapo, lakini hakupata kazi ya uhandisi. Alirudi kusimamia watu wa kukokotoa hesabu, hadi mwaka 1922 alipoajiriwa kwa cheo kinachomstahili.

Anayetugusa kuliko wote ni Mary Jackson, naye wa Marekani. Alianza kwa kukokotoa hesabu katika kituo cha utafiti wa ndege cha Langley mwaka 1951. Mhandisi aliyefanya naye kazi kwenye handaki la upepo, yaani njia iliyofungwa ambamo upepo wa mashine hupulizwa kujaribia maumbo ya ndege, akamhimiza ajiunge na mafunzo ya kumwezesha kupanda cheo. Masomo yalifanyika jioni katika shule iliyokuwa ya Wazungu tu, ikabidi aombe kibali cha mji wa Hampton ili akae darasani. Akakiomba, akakipata, akasoma, na mwaka 1958 akawa mhandisi mwanamke Mweusi wa kwanza wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani lililokichukua kituo kile. Katika miaka ya 1970 aliwasaidia vijana wa klabu ya sayansi mjini kwake kujenga handaki lao dogo la upepo. Na mwaka 1979 alikubali kushuka cheo ili ashike kazi ya kuwafungulia njia wanawake wengine kazini. Darasa lake la jioni na lile handaki la vijana ni maisha ya mtu mmoja, na hivyo ndivyo tunavyoliona jambo letu.

Wapo waliotushauri tuwaombe kwa ajili ya watoto tu, kwa kuwa mtoto hugusa moyo upesi kuliko mtu mzima mwenye shahada. Tulilijadili sana, tukakataa. Anayebeba sanduku kwenda shuleni ni mhandisi. Akiacha fani kwa kuchoka, sanduku litabaki stoo.

Kwa hiyo tunaomba haya. Kwanza, tuwalipie ada za usajili na mafunzo wenzetu 14 waliokwama katikati, pamoja na mlezi wa kukaa na watoto jioni za masomo. Sehemu kubwa ya mchango itakwenda hapo, na tunalisema wazi ili asije mtu akashangaa baadaye. Kila atakayesaidiwa ameahidi kwa maandishi kumsimamia mhitimu mmoja anayemfuata na kwenda ziara nne za shuleni kwa mwaka. Pili, masanduku 40 mapya ya vifaa, yatoshe kila mwanafunzi ashike chake, asiwepo wa kuandika tu. Yaliyopo yamechakaa, na mita za kupimia umeme zilizobaki tunaazimana. Tatu, buti na mikanda ya usalama ya vipimo vya wanawake, ya kuwaazima wanaoanza saitini.

Asiye na fedha asijione hana mchango. Mhandisi aliyesajiliwa, tupe Alhamisi zako. Mwenye gari, tusafirishie masanduku. Mwenye kompyuta isiyotumika, multimita, kikokotoo au buti ndogo zilizolala kabatini, tuletee. Na ewe msimamizi wa kazi, mwanamume au mwanamke, chukua leo kitabu cha kumbukumbu cha msaidizi wako utie saini kazi aliyoifanya kweli. Hilo halikugharimu chochote, na kuna mtu aliyecheleweshwa miaka miwili kwa kuikosa saini hiyo.

Michango inapokelewa na mweka hazina wetu akiwa na mjumbe wa pili, na kila anayetoa anapewa stakabadhi hapohapo, awe ametoa kingi au kidogo. Hesabu zitakaguliwa na mtu asiye mwanachama, kisha zitasomwa mbele ya wachangiaji wote, ada moja moja, sanduku moja moja. Ahadi pia tunaziandika, na aliyeahidi anaweza kulipa kidogo kidogo.

Daftari tutalifunga Juni 23, Siku ya Kimataifa ya Wanawake katika Uhandisi. Siku hiyo tutakutana, na meza za vifaa zitakuwa wazi tangu asubuhi. Njooni na mabinti zenu. Yule mwenzetu wa daraja atakuwapo, na ripoti yake ya usajili iko tayari, imebaki ada.

Wenu katika kazi,
Kamati ya Harambee