Tulichunguze shirika kabla ya kulichangia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalojirudia kila litokeapo janga: watu wenye nia njema hutoa kwa haraka, mara nyingi vitu walivyo navyo nyumbani, kisha hawafuatilii mchango wao umefanya kazi gani.

Tsunami iliyozikumba nchi za Bahari ya Hindi tarehe 26 Desemba 2004 ilituachia funzo ambalo naona limeanza kusahaulika. Huko Aceh, Indonesia, zilirundikana dawa za msaada ambazo hazikuhitajika, nyingine zikiwa zimekwisha muda wake au zimeandikwa maelezo kwa lugha ambazo wahudumu wa afya hawakuzielewa, hata ikawa kuziteketeza ni mzigo mwingine kwa watu waliokwisha kufikwa na msiba. Wakati huohuo shirika la Médecins Sans Frontières, yaani Madaktari Wasio na Mipaka, lilitangaza mapema kabisa kwamba fedha lililopokea kwa ajili ya tsunami zilikuwa zinatosha, likawaomba waliokwisha kuchanga waridhie fedha zao zipelekwe kwenye dharura nyingine. Wapo waliolilaumu. Mimi naamini shirika linaloweza kusema "imetosha" ndilo linalostahili kuaminiwa siku litakaposema bado.

Kwa sababu hiyo nawasihi wasomaji watoe fedha badala ya vitu, isipokuwa pale wahusika wenyewe wanapotaja kitu wanachokihitaji, na wakishaliamini shirika wasiifunge michango yao kwenye tukio moja tu. Kiasi kidogo kinachotolewa kila mwezi hulisaidia shirika kupanga na kuajiri mapema, jambo ambalo mchango mkubwa wa ghafla, unaokuja wakati habari ingali motomoto, hauwezi kulifanya.

Katika kuchagua, wengi huuliza swali moja tu: ni asilimia ngapi inayotumika kwenye utawala? Swali hilo peke yake hupotosha. Mwaka 2013 viongozi wa GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, taasisi za Marekani zinazowapa wachangiaji taarifa kuhusu mashirika ya hisani, waliandika barua ya wazi wakipinga kipimo hicho kutumika peke yake, kwani shirika lisilo na mhasibu makini wala mtu wa kufuatilia matokeo linaweza kuonekana la bei nafuu huku likipoteza kila kitu. Tuulize zaidi: Limesajiliwa? Hesabu zake hukaguliwa na kuchapishwa? Je, limewahi kukiri hadharani kwamba mradi fulani haukufaulu?

Nawe Mhariri, nakuomba kila gazeti lako linapochapisha ombi la michango, liambatanishe namba ya usajili ya shirika husika na lieleze mahali ambapo msomaji anaweza kuipata ripoti yake ya ukaguzi.

Msomaji wako