Barua ya wazi kwa mdogo wangu: viporo vya Januari usivilipe

Mdogo wangu mpendwa,

Salaam sana. Katika mwaka wa siku 365, katikati yake hasa ni Julai 2: nyuma siku 182, mbele siku 182. Ndipo tulipofika, na najua daftari lako la maazimio halijafunguliwa tangu miezi ya mwanzo. Nakuandikia hadharani kwa kuwa wenye daftari la namna hiyo ni wengi, na wengi wenu mko mbioni kufanya kosa lile lile: kulipa viporo.

Tuseme uliazimia kufanya mazoezi mara 3 kwa wiki. Kwa wiki 26 ilipasa uwe umefika mara 78, lakini kalenda inaonyesha 31. Roho inakuuma, unajiapiza kwamba nusu hii utafidia ili Desemba zitimie zile 156 za mwaka mzima. Sasa piga hesabu. Viporo 47, jumlisha 78 za nusu hii, unapata mara 125 ndani ya wiki 26, yaani karibu mara 5 kila wiki. Mtu aliyeweza mara moja na kidogo kwa wiki anajipangia tano! Wiki ya kwanza ataweza kwa hasira. Ya pili goti litauma au kazi zitambana, na ya tatu ataacha kabisa, akiamini kwamba yeye ndiye mwenye kasoro, kumbe mpango ulikuwa hautekelezeki tangu ulipoandikwa. Kwa hiyo zile 47 zifute. Hakuna anayekudai.

Tathmini yenyewe itengee saa moja na nusu, asubuhi ya siku usiyo na kazi, maana usiku ukiwa umechoka kila kitu kitaonekana kimeharibika. Kabla hujakaa, kusanya ushahidi: orodha ya Januari kwa maneno yale yale uliyoandika, taarifa ya akaunti ya benki ya miezi sita, kalenda, na kumbukumbu za simu yako, kwani simu nyingi hutunza idadi ya hatua ulizotembea na saa ulizozitumia kwenye skrini. Usijibu kwa kichwa. Kichwa kina tabia ya kurekebisha lengo kimyakimya: uliandika vitabu 24, leo unakumbuka "vitabu kadhaa". Tena wiki mbili za karibuni hufunika mengine yote, zikiwa nzuri unajiona umefaulu, zikiwa mbaya unajiona hujafanya lolote.

Chora safu nne kwenye karatasi: nilichokusudia, nilichofanya, mwendo wangu, na kilichonizuia. Safu ya mwendo ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo yenye kazi. Chukua vitabu. Ulikusudia 24, umesoma 7. Mwendo wako ni kitabu kimoja na kidogo kwa mwezi, na ukiendelea hivyo Desemba utakuwa na 14. Ukitaka 24 kamili, vimebaki 17. Kwa kitabu cha kurasa 250, hizo ni kurasa 4,250, na kuanzia Julai 1 hadi Desemba 31 kuna siku 184, kwa hiyo kurasa 23 kila siku bila kukosa hata moja. Ukishusha lengo hadi 16, vinabaki 9, ambavyo ni kurasa 2,250, au kurasa 12 na kitu kwa siku. Kurasa 12 zinasomeka hata siku ngumu. Mimi ningechagua 16 bila kusita. Lengo lenye nafasi ya siku mbaya huishi muda mrefu kuliko lile linalokutaka uwe mzima, huru na mwenye ari kila siku.

Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba tunapopanga kazi tunaitazama jinsi itakavyokwenda mambo yakinyooka, tukapuuza jinsi kazi za namna hiyo zilivyokwenda huko nyuma. Januari hukuwa na cha kutazama. Sasa una miezi sita ya rekodi yako mwenyewe, na hakuna kipimo kizuri zaidi ya hicho. Anzia kwenye mwendo wako halisi, ongeza kama robo hivi, basi. Ukitaka kuongeza zaidi, lazima uonyeshe ni kitu gani kimebadilika katika ratiba yako. Ari peke yake isihesabiwe.

Akiba nayo ina mitego yake. Hesabu kilichobaki baada ya kutoa, usihesabu ulichoweka. Mtu anaweza kuweka kila mwezi na kutoa kila mwezi, akajiona mwekaji hodari. Kisha tazama madeni. Kama akiba imepanda huku deni lenye riba limepanda zaidi, umerudi nyuma, hata kama daftari linakusifu. Tukigawa lengo lako la mwaka kuwa mafungu 100, ilipasa kila mwezi uweke fungu 8 na theluthi. Ukiwa umefikisha 30 tu, yamebaki 70 kwa miezi sita, karibu 12 kwa mwezi, na hilo ni ongezeko la asilimia 40 juu ya lile fungu 8 na theluthi. Kama kipato hakijapanda, zitoke wapi? Punguza lengo, kisha badilisha utaratibu: pesa ihame yenyewe kwenda akaunti ya akiba siku ile ile mshahara unapoingia. Anayengoja kuweka kinachobaki mwisho wa mwezi kwa kawaida hukuta hakijabaki kitu.

Safu ya nne, kilichonizuia, usiijaze kwa neno "uvivu". Neno hilo halikuelezi chochote cha kurekebisha. Rudi kwenye kalenda uitafute wiki hasa ulipokatika. Mara nyingi utakuta kitu chenye jina: safari, homa, mtihani, zamu mpya kazini, mgeni. Tatizo kubwa huwa siku ya kwanza baada yake, kwa sababu hukuwa na mpango wa kurudi. Basi uandike sasa, kwa kila azimio: nikikatika, siku ya kwanza nafanya kiasi kidogo kabisa. Kurasa 2. Dakika 10 za kutembea. Kwa mazoezi ya mwili hili ni la usalama pia. Aliyekaa miezi miwili asirudi pale alipoachia, aanze na kama nusu yake, kwa sababu pumzi hurudi mapema kuliko kano na viungo, na hapo ndipo watu huumia. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya wastani, kama kutembea kwa kasi. Ni dakika 30 kwa siku tano, na hata hizo 30 unaweza kuzigawa vipande.

Yapo pia maazimio yasiyopimika: "kuwa na nidhamu", "kupunguza simu", "kujali afya". Hayo yaandike upya yawe kitendo chenye wakati na mahali. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya namna hii, ya "likitokea hili, nitafanya lile", na inasaidia kwa sababu saa ikifika huna haja ya kuanza kujishauri upya. Mfano: "Nikimaliza kupiga mswaki usiku, simu inabaki sebuleni, nasoma kurasa 12 kitandani." Hapo umeshughulikia simu na vitabu kwa sentensi moja. Tena azimio la kuacha ligeuze liwe la kufanya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 nchini Uswidi, wa watu 1,066, ulikuta kwamba baada ya mwaka mmoja asilimia 58.9 ya wenye malengo ya kufanya kitu walijiona wamefaulu, dhidi ya asilimia 47.1 ya wenye malengo ya kuepuka kitu.

Ukifika kwenye kuamua, kila azimio lina njia tatu: liendelee, lipunguzwe, au lifutwe. La kufuta lijue kwa swali hili: kama leo ningekuwa naandika orodha mpya, ningeliweka? Kama hapana, lipige mstari na uandike sababu pembeni, kwa tarehe, ili ujue uliliacha kwa kuamua na si kwa kusahau. Ila uwe mwangalifu na azimio ambalo bado unalitaka, ila njia ndiyo imeshindwa. Hilo libadilishie njia kwanza. Yabaki matatu, yasizidi. Najua yapo saba na kila moja lina uzito wake, lakini saba kwa pamoja ndiyo yaliyokufikisha hapa.

Kuweka alama ni rahisi: karatasi ibandikwe pale pale kitendo kinapofanyika, alama iwekwe siku ile ile. Ukingoja Jumapili ujaze wiki nzima kwa kukumbuka, utabuni. Zile programu za simu zinazohesabu siku mfululizo siziamini sana, maana ukikosa siku moja zinakurudisha sifuri, na wengi huacha siku hiyo hiyo. Wewe hesabu siku 5 kati ya 7. Phillippa Lally na wenzake wa University College London, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, walifuatilia watu 96 wakijenga mazoea mapya. Muda wa katikati hadi zoea kushika ulikuwa siku 66, lakini kati ya mtu na mtu ulianzia 18 hadi 254, na kukosa siku moja hakukuvuruga mazoea yanayojengwa. Ukianza Julai 1, siku ya 66 ni Septemba 4. Usikate tamaa Agosti kwa sababu tu bado unajisukuma. Agosti bado ni mapema.

Kila Jumapili tumia dakika 10 kutazama alama tu, bila kubadilisha malengo. Mabadiliko yangoje wiki ya mwisho ya Septemba, utakapokuwa na robo nyingine ya ushahidi. Ukimaliza, nitumie mistari mitatu: azimio, kiasi kwa wiki, na utafanya saa ngapi na wapi. Nitakuuliza Septemba kuhusu hiyo mitatu, mingine sitaigusa.

Ni mimi dada yako