Kwanza Uulize Habari za Ligi

Anchorage, Alaska
Novemba

Mama Neema mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwenye basi nikitoka kazini, mara ya pili mezani baada ya watoto kulala. Hiyo ya pili ndiyo iliyoniuma. Yaani wasichana wamefika uwanjani alfajiri na magongo yao, wakakuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa stoo kwamba timu yao ya mpira wa magongo imefutwa! Hata kuitwa ofisini wakaambiwa kwa mdomo hawakuitwa. Nimekumbuka tulivyokuwa tukicheza mimi na wewe kwenye ule uwanja wa nyasi ndefu, gongo moja tunapokezana, na najua timu hiyo kwako ni zaidi ya mshahara.

Umeniuliza watu wa huku waliiokoaje timu yao ya hoki ya barafu, ili na ninyi muige harambee yao. Nitakueleza yote. Ila umeandika ukurasa mzima kuhusu nauli ya basi la kwenda Mombasa, halafu mstari mmoja tu, pembeni, kwamba vyuo vitatu vya jirani vimeamua kuandaa mashindano yao bila ninyi. Mama Neema, mstari huo mmoja ndio ulioninyima usingizi.

Chuo cha huku, Chuo Kikuu cha Alaska Anchorage, unakijua. Ndicho alichosomea Marko Cheseto, yule mkimbiaji wetu aliyepoteza miguu yote miwili kwa baridi mwaka 2011, kisha akarudi kukimbia marathoni kwa miguu ya bandia. Michezo ya chuo hicho karibu yote iko daraja la pili. Ila hoki inacheza daraja la kwanza, kwa sababu vyuo vinavyocheza hoki ya barafu Marekani ni vichache, wakubwa na wadogo wakichanganyika. Basi tangu 1993 chuo hiki kilikuwa ligi moja na majabali kama Minnesota na Wisconsin. Ligi iliitwa WCHA. Wenyeji wananisimulia kwamba Minnesota wakija, ukumbi wa Sullivan, unaochukua zaidi ya watu 6000, unafurika, na watu wanaingia na theluji bado iko mabegani.

Mkasa wenyewe ulianzia mbali sana na hapa, ndiyo maana nataka uufuate hatua kwa hatua. Mwaka 2010 tajiri mmoja wa gesi, Terry Pegula, aliuza kampuni yake kwa Shell kwa dola bilioni 4.7. Mwaka huohuo akaahidi Penn State, chuo alichosoma, dola milioni 88 kijenge uwanja wa barafu na kuanzisha timu za daraja la kwanza. Sina neno baya juu yake, mtu amekikumbuka chuo chake. Lakini Penn State ni wa Big Ten, kundi la michezo la vyuo vikubwa, na Big Ten ilikuwa tayari ina vyuo vitano vya hoki vilivyotawanyika kwenye ligi mbili: Michigan, Michigan State na Ohio State walikuwa CCHA, Minnesota na Wisconsin walikuwa WCHA. Wa sita alipopatikana, hesabu ya kuwa na ligi yao wenyewe ikatimia. Machi 2011 wakatangaza. Julai vyuo vingine sita, wakiwemo North Dakota na Denver, vikaunda ligi ya pili mpya, NCHC, maana hakuna aliyetaka kubaki na makombo. Msimu wa 2013 unaanza, CCHA imeshakufa, na Anchorage wako WCHA iliyobaki jina, pamoja na ndugu zao wa Fairbanks, humuhumu Alaska, vyuo vidogo vya pembezoni mwa Maziwa Makuu ya Marekani, na Huntsville wa Alabama huko kusini kunakolimwa pamba.

Gesi imechimbwa Pennsylvania, na barafu imevunjika Alaska. Ninapolifikiria jambo hilo nashindwa kumlaumu mtu mmoja, na hapo ndipo ninapoumia zaidi.

Ligi ile ya waliobaki haikudumu. Juni 2019, vyuo saba kati ya kumi vilitangaza kwamba vinaondoka. Walitaka majirani, safari fupi, gharama nafuu. Wakajiita CCHA, wakachukua jina la ile iliyokufa, na 2021 wakaanza kucheza. Waliobaki nyuma ni watatu: Anchorage, Fairbanks na Huntsville. Fungua ramani ya Marekani uone. Hata ungetaka kuwaita ligi, mechi moja tu ni safari ya kuvuka bara zima. Na mwezi huohuo wa Juni gavana wa Alaska, Mike Dunleavy, akafyeka dola milioni 130 kwenye bajeti ya vyuo vya jimbo. Baadaye walielewana iwe milioni 70 kwa miaka mitatu, lakini panga lilikuwa limeshapita.

Sasa angalia Huntsville, maana hao ndio ninaowaona kila nikisoma barua yako. Walikuwa mabingwa wa taifa wa daraja la pili mara mbili, 1996 na 1998, huko Alabama ambako mtoto anaweza kukua bila kuona ziwa limeganda. Mwaka 2011 chuo kilitangaza kuifuta timu, na kabla ya mwaka kwisha kikajirudi. Mei 2020 kikatangaza tena. Wahitimu na mashabiki wakajitosa, na kwa muda wa wiki moja hivi wakawa wamechanga zaidi ya dola 750,000. Watu walilia kwa furaha. Timu ikacheza msimu mmoja. Mei 2021 ikasimamishwa, na safari hii sababu haikuwa pesa: hakuna ligi iliyowapokea. Hawajacheza tena mpaka leo.

Pesa zilipatikana, Mama Neema. Zilipatikana!

Huku kwetu habari zilifika Agosti 2020, katikati ya korona: hoki, kuteleza thelujini na jimnastiki zifutwe. Septemba bodi ya chuo kikuu ikakubali, ila ikaacha mlango wazi kidogo, kwamba kila timu itakayochangisha gharama zake za miaka miwili itarudi. Kwa hoki ilikuwa dola milioni 3, zaidi ya shilingi milioni 300 za kwetu wakati ule. Siku ya mwisho waliyopewa ilikuwa Februari 2021, wakaomba nyongeza, wakasogezewa mpaka mwisho wa Agosti.

Mwaka ule mzima ulikuwa harambee, na harambee yenyewe ungeijua hata ukiwa umefumba macho. Wachezaji wa zamani walipigiana simu. Wenye maduka waliweka ndoo za plastiki kando ya mashine ya kulipia. Pale ninapofanya kazi, fundi wa boila, mzee asiyezungumza na mtu, alipita meza hadi meza wakati wa chakula na daftari la mistari, akiandika jina na kiasi kwa penseli. Alipofika kwangu akasita, nadhani aliona mimi mgeni, nitajuaje hoki. Nikamwambia andika dola 20. Akaniuliza jina langu linaandikwaje, akaliandika herufi kwa herufi, akanionyesha kama amelipatia. Siku ile ndipo nilipohisi huu mji ni wangu pia.

Mwisho wa Agosti milioni 3 zikatimia. Jimnastiki na kuteleza thelujini nazo ziliokoka. Kocha aliyepewa kazi, Matt Shasby, aliwahi kuichezea timu hiyohiyo, naye alikuta karibu aanze upya, maana wachezaji walikuwa wameshatafuta vyuo vingine. Oktoba 2022 wakarudi barafuni.

Nilikwenda na Tumaini. Wakati huo hawakuwa wakicheza Sullivan, walikuwa na kiwanja kidogo ndani ya chuo, hakifikishi watu elfu. Tulikaa nyuma ya kioo kabisa. Kile wanachokipiga si mpira kama wenu, ni kidude cheusi cha mpira mgumu, bapa, kama kisigino cha kiatu kilichokatwa mduara, na kikigonga ubao mbele yako moyo unaruka. Wakati wa mapumziko ile mashine ya kulainisha barafu ikazunguka polepole, ikiacha nyuma maji yanayong'aa, na baada ya dakika chache hakuna mkwaruzo hata mmoja. Mbele yetu mama mmoja alikuwa amekumbatia jezi iliyokunjwa, hakuivaa, ameishika tu mapajani mechi nzima. Sikumuuliza ni ya nani.

Lakini wanacheza bila ligi, na hilo watu wa nje hawalioni. Kila mechi ya msimu inatafutwa kwa simu, chuo kimoja baada ya kingine, na ligi za wenzao zikishapanga ratiba zao, wewe unapewa wikendi zilizobaki. Fairbanks wako hivyohivyo. Msimu wa 2022 hadi 2023 walishinda mechi 22, wakafungwa 10, na wakakosa nafasi katika mashindano ya taifa ya timu 16 kwa tundu la sindano. Bingwa wa kila ligi anaingia moja kwa moja, na wao hawana ligi ya kuwa mabingwa wake. Vijana wale walisafiri kuliko mtu yeyote, wakashinda, na Machi wakakaa nyumbani. Arizona State nao walikuwa peke yao tangu 2015, lakini wao walijenga ukumbi mpya wa watu 5000 hivi, na 2024 wakaingia NCHC. Wenye ukumbi wanapokelewa.

Kwa hiyo ningekuwa wewe, nisingeanza na ndoo. Ningeanza na wale walimu wa michezo wa vyuo vitatu, mmoja mmoja, uso kwa uso, kabla hawajachapisha ratiba. Wanataka safari fupi, basi wape safari fupi: muwe wenyeji wa raundi mbili, wasichana wao walale kwenye mabweni yenu wakati wa likizo. Uwanja wenu ndio wenye nyasi nzuri kuliko wote, uliniambia mwenyewe. Huo ndio ukumbi wenu. Wakishasaini kwamba mmo, ndipo uende kwa mkuu wa chuo na habari za nauli, na umwombe tarehe. Usitoke ofisini kwake bila tarehe iliyoandikwa. Anchorage walipona kwa sababu walipewa siku ya mwisho, na ilipokaribia walithubutu kuomba isogezwe.

Nina jambo jingine, na nimesita kuliandika. Mwenye ligi naye anaweza kufutwa. North Dakota wana ukumbi wa hoki kama kasri, na timu yao ya wanawake ilikuwa kwenye ligi imara. Machi 2017, kwa sababu ya bajeti ya jimbo, ikafutwa, na msimu uliofuata haikuwepo. Ile ya wanaume hawakuigusa. Februari 2018, wanawake wa Marekani walichukua dhahabu ya Olimpiki Korea Kusini kwa kuwafunga Kanada, na aliyepiga penalti ya ushindi ni Jocelyne Lamoureux-Davidson, msichana wa mji uleule wa chuo, aliyekuwa amechezea timu ileile pamoja na pacha wake. Timu haikurudishwa hata baada ya medali. Nakuambia hili kwa sababu umeandika kwamba timu ya wavulana wenu haijaguswa. Uliza, mbele ya watu, wavulana wanatumia basi gani.

Usiniambie wewe ni mwalimu tu. Uliwafundisha wasichana hao kusimama katikati ya uwanja na kudai mpira. Na dola 20 zangu ziko tayari. Safari hii nitaandika jina langu mwenyewe.

Nitumie picha ya karatasi ile iliyobandikwa, nataka kuona ilitiwa saini na nani na tarehe gani. Nitumie pia majina ya vyuo vile vitatu. Binamu yangu anafundisha kimoja cha huko, huenda ndicho.

Ijumaa Fairbanks wanakuja, na Tumaini ameshaniahidi kwamba atamaliza hesabu zake mapema. Mechi ikiisha nitakupigia. Itakuwa saa tatu usiku huku, na kwenu saa tatu asubuhi ya Jumamosi, mishale ya saa zetu ikiwa pamoja. Uwe umeshaongea na mmoja wao.

Nisalimie Neema na bibi yake.

Wako wa siku zote,
Mama Tumaini