Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Wagavi Wetu na Faida ya Kubangua

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama chetu cha wabanguaji korosho zimo katika taarifa ya mweka hazina, sitazirudia. Ninalotaka tulijadili mwaka huu ni wagavi, yaani wanaotuuzia korosho ghafi, visu, mifuko na ufundi. Tukipata hasara, wengi wetu hukimbilia kulaumu bei ya mnada, ilhali bei hiyo kila mbanguaji wa Mtwara anaikuta ilivyo. Kinachotutenganisha ni nani anamuuzia nani, na wauzaji hao wanajuana vipi.

Tuanze na ghafi, maana ndiko fedha nyingi inakozama. Magunia mawili ya kilo 80 yakinunuliwa kwa bei moja, moja likatoa ratili 52 za korosho karanga, yaani kiini baada ya kubangua (ratili moja ni karibu gramu 454), na jingine 48, aliyechukua la pili amepoteza kilo 1.8 za karanga. Kwa tani 100, ambazo ni magunia 1,250, pengo linakaribia kilo 2,270, na hakuna mashine ya kulirudisha. Kipimo tunacho wote. Chota kutoka magunia mengi ya lundo, ya juu, ya kati na ya chini, changanya, kisha pima kilo moja. Hesabu punje: zikizidi sana 210, jua ni ndogo. Zikate zote. Gramu za karanga nzuri jumlisha na nusu ya gramu za zenye madoa, zidisha kwa 0.176. Gramu 284 zinakupa takriban ratili 50 kwa gunia. Kiwandani utapata pungufu, kwa kuwa unyevu na ngozi ya karanga vitaondoka.

Anayechota magunia ya juu peke yake anajidanganya, na hilo bado linafanyika. Mnadani humchagui mkulima, lakini unaweza kujua lundo limetoka ghala lipi na AMCOS ipi, yaani chama kipi cha msingi cha ushirika cha wakulima. Weka daftari la ratili kwa kila AMCOS, msimu hadi msimu, kisha wapelekee wao matokeo. Mara nyingi ubovu unatokana na kuanika haraka haraka au kuchanganya korosho zilizookotwa na zilizoangushwa kabla ya kukomaa, na katibu wa AMCOS hawezi kurekebisha asiloambiwa. Kuhusu kangomba, yaani kununua korosho kwa wakulima kimagendo nje ya mnada, sina la kuongeza: ni kinyume cha sheria, na mzigo wake huwa mbichi.

Sasa mifuko. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam, maji yakabeba madaraja upande wa Somanga. Aliyekuwa na mifuko ya vakyumu (ya kufungia karanga bila hewa) ya wiki moja stoo hakuwa na pa kukimbilia, hata kama daftari lake lina wagavi watatu, kwa sababu wote watatu wanachukua kwa waagizaji walewale wa Dar na kupita barabara ileile. Ukimhoji mgavi, usiishie kwenye bei. Muulize na yeye ananunua kwa nani.

Toyota walilionja jambo hili Februari 1, 1997, moto ulipounguza kiwanda cha Aisin kule Kariya kilichotengeneza karibu vali zao zote za breki. Karibu viwanda vyote vya Toyota nchini Japani vikasimama. Ndani ya wiki moja hivi kazi ikaanza kurudi, kwa sababu kampuni zaidi ya 200, nyingi zikiwa hazijawahi kutengeneza vali hiyo, zilishirikishwa michoro na kugawana kazi. Walikuwa wakijuana kabla ya moto. Sisi mafundi wetu tunawafichana kama mashimo ya madini.

Hasara ya kuwaficha inaonekana kwenye uvunjikaji. Karanga zikipasuka, fundi wa visu vya kukatia ganda hulaumu mvuke unaopika korosho kabla ya kukatwa, wa boila hulaumu visu. Waketishe pamoja, watagundua korosho kubwa na ndogo zinapikwa kwa pamoja: ndogo zinaiva kupita kiasi, kubwa zinabaki na ganda gumu. Tiba yake ni kuchambua kwa ukubwa kabla ya mvuke, kila saizi ipewe dakika zake na mwanya wake wa kisu, kisha zipoe usiku kucha kabla ya kukatwa. Karanga nzima za daraja la W320 zinauzwa ghali kuliko vipande, kwa hiyo ubunifu huu unalipa bila mashine mpya.

Hata hivyo, mafundi wanaojuana mno mwishowe hurudiana yaleyale. Kila kiwanda kiwe na angalau mgavi mmoja wa nje ya mzunguko wetu. Mchonga visu wa chuma cha springi za malori anaweza kujua kukomaza makali kuliko muuza vipuri.

Upande wa mtaji, chukueni mfano wa tani 50 kwa shilingi 3,500 kwa kilo: milioni 175 zinalipwa ndani ya msimu, mzigo unabanguliwa miezi kumi. Kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya wastani wa mzigo uliolala, ni kama milioni 13. Mgavi wa mifuko anayekubali kulipwa baada ya siku 60 anakupunguzia mkopo, hata akizidisha bei kidogo. Pigeni hesabu kabla ya kumkataa.

Mkutano utaombwa kuidhinisha ununuzi wa pamoja wa mifuko na akiba ya miezi mitatu itakayowekwa Mtwara, na daftari moja la ratili za AMCOS. Kila mwanachama aje na namba zake za msimu huu.

Mwenyekiti