Harambee ya utafiti wa binti yetu, Jumapili hii baada ya ibada

Bwana asifiwe wapendwa. Mwaka jana mwezi wa saba, ile baridi ya Moshi mnaijua, mama yangu alilazwa na kichomi siku tisa, na kila aliyekuja kumuona akasema ni baridi tu hiyo, bibi analala bila soksi. Kumbe mjukuu anayelala naye kitanda kimoja alikuwa na kamasi wiki mbili nzima kabla, ila anacheza, anakula, hana hata homa. Sikuwahi kuyaunganisha hayo mambo mpaka binti yetu wa kwaya ya vijana aliponieleza anachosomea.

Kuna bakteria anaitwa nimokoka, makazi yake ni nyuma ya pua, na watoto wadogo ndo wanambeba kuliko sisi, wengi bila kuumwa chochote, halafu kwa chafya na kamasi anahamia kwa mtu mzima na akimpata mzee anaweza kushuka hadi kwenye mapafu. Aina zake zimepita 100. Chanjo yake, ile ya pajani ya wiki ya 6, 10 na 14, iliyoanza nchini 2013, ilikuja na kinga ya aina 13. Sasa binti anataka kujua humu majumbani mwetu zimebaki aina gani, na zinatoka kwa nani kwenda kwa nani.

Nilimuona akimpima mwanangu, kijiti chembamba cha pamba kinaingia puani mpaka nyuma, kinazungushwa, chozi moja basi, kinatumbukizwa kwenye kichupa chenye maji ya maziwa na kuwekwa kwenye barafu. Maabara wanapanda kwenye sahani nyekundu ya damu ya kondoo, kesho yake kuna vidoti vimezungukwa na ukijani, nilishangaa jamani, hicho kimetoka kwenye pua ya mtoto mzima wa afya.

Kibali anacho, ila mfadhili kajitoa njiani. Zinahitajika shilingi 2,400,000 za vijiti, vichupa na nauli ya kuzunguka familia 40, bibi na babu wapimwe pamoja na wajukuu. Ahadi mpeni mweka hazina, na mwenye mkungu wa ndizi, kuku au debe la mahindi alete kwenye mnada, tutanunua wenyewe kwa wenyewe kama kawaida yetu.

Wenye watoto chini ya miaka mitano wanaoishi na wazee, mkitaka kuwemo kwenye utafiti muoneni binti pale mlangoni, ni hiari na hamlipii kitu.