"Wote hawakufaulu" ni wangapi?

Ndugu Mhariri,

Kichwa cha habari kinaposema "Wanafunzi wote hawakufaulu hisabati", msomaji mmoja ataelewa kwamba hakuna hata mmoja aliyepita, na mwenzake ataelewa kwamba wapo walioanguka. Kiswahili kinazibeba maana zote mbili. Katika darasa la watoto 40, kwa maana ya kwanza waliofaulu ni 0. Kwa maana ya pili wanaweza kufika 39. Dawa yake haili nafasi kwenye ukurasa: andikeni "Hakuna mwanafunzi aliyefaulu" au "Si wanafunzi wote waliofaulu".

Ingekuwa ni sarufi tu nisingewasumbua. Utata huo ndio mlango wa hoja mbovu kwenye kurasa za maoni. Chukueni hii ya kila msimu wa uchaguzi: "Fulani ni kijana, kwa hiyo hafai kuongoza." Kuna kauli imefichwa hapo, na bila hiyo hitimisho haliji. Itoeni nje: "Vijana wote hawafai kuongoza." Kama maana yake ni kwamba hakuna kijana anayefaa, hitimisho linafuata sawasawa, ila kauli yenyewe si kweli, na mfano mmoja unatosha kuiangusha: Julius Nyerere alichaguliwa rais wa TANU mwaka 1954 akiwa na miaka 32. Kama maana yake ni kwamba si vijana wote wanaofaa, hapo ni kweli, lakini haituambii lolote kuhusu huyo fulani. Mwandishi akibanwa hukimbilia maana ya pili. Akiachwa, anairudia ya kwanza.

Kwa hiyo kabla ya kuisifu au kuiponda makala, iandike upya kwenye karatasi: kila kauli na mstari wake, hitimisho chini kabisa, na kile ambacho mwandishi alikimeza. Kisha uliza maswali mawili bila kuyachanganya. Kauli hizi zikiwa kweli, je, hitimisho halina pa kukwepea? Na je, kauli zenyewe ni kweli? Wengi wetu tunaanza na swali la tatu ambalo halimo: hitimisho hili nalipenda?

Swali la kwanza huteleza zaidi kwenye "-ki-". "Ukisoma utafaulu" inageuzwa kuwa "usiposoma utafeli", jambo ambalo halikusemwa. Inageuzwa pia kinyumenyume: "Amefaulu, basi alisoma." Vinavyotoka humo kihalali ni viwili tu: amesoma, basi atafaulu, na hakufaulu, basi hakusoma. Kugeuza huku kuna gharama. "Malaria inaleta homa, mtoto ana homa, basi ni malaria" ni hoja iliyomezesha watu dawa wasizozihitaji, wakati taifodi, dengi na nimonia nazo zinaleta homa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, ndipo atibiwe.

Peter Wason, mwanasaikolojia wa Uingereza, alilipima kosa hili mwaka 1966 kwa kadi nne, kila moja ikiwa na herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Tuseme zinaonekana A, K, 4 na 7. Kanuni ni hii: kadi ikiwa na irabu upande mmoja, upande wa pili ina namba shufwa. Utafunua zipi kujua kama kanuni imevunjwa? Wengi hujibu A na 4. Wanaopata kwa kawaida hawafiki mmoja kati ya kumi. Jibu ni A na 7. Nyuma ya 4 hata ikikutwa K hakuna kilichoharibika, maana kanuni haikusema shufwa ni mali ya irabu peke yake. Nyuma ya 7 ikikutwa irabu, kanuni imekufa.

Mwaka 1982 wanasaikolojia Griggs na Cox, huko Florida, Marekani, walibadilisha kadi tu: anayekunywa bia lazima awe amezidi miaka 19, kadi zinasema bia, soda, 22 na 16. Safari hii takriban robo tatu walipata. Fumbo ni lile lile, ila sasa kila mtu anajua kwamba wa miaka 22 hana sababu ya kukaguliwa glasi, na wa 16 anayo. Ukikwama kwenye "kama" ya mwanasiasa, basi, ivishe sare ya trafiki: kama unaendesha, uwe na leseni. Anakaguliwa aliyeshika usukani na asiye na leseni. Mwenye leseni aliyekaa kiti cha abiria hana kosa lolote.

Kwa hoja za "kila", badilisha majina na uache umbo. "Kila adui wa maendeleo anaupinga mradi huu, fulani anaupinga, basi ni adui wa maendeleo." Kila mbuzi ana miguu minne; ng'ombe ana miguu minne; basi ng'ombe ni mbuzi.

Na methali zivuliwe cheo cha ushahidi, angalau kwenye tahariri. "Lisemwalo lipo, kama halipo linakuja" ni tamu masikioni, lakini haina namna ya kushindwa: likiwapo imeshinda, lisipokuwapo bado imeshinda. Anayetaka mradi uharakishwe ana "chelewa chelewa utamkuta mwana si wako". Anayetaka usubiri ana "haraka haraka haina baraka". Gharama za mradi hazimo katika yoyote kati ya hizo mbili.

Mwalimu wa mantiki,
Morogoro