Tuulize nguo zetu zimeshonwa na nani

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wasomaji wenzangu jambo ambalo wengi wetu hulipuuza tunaponunua nguo. Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao wakiwa mafundi wa kushona nguo za kuuzwa ng'ambo, ambao siku moja kabla walikuwa wameziona nyufa na bado wakaamriwa kurudi kazini. Tangu nisome habari hizo, kila ninaposhika shati jipya huligeuza nikatazama mishono na lebo ya ndani. Lebo hutaja nchi na aina ya kitambaa; haisemi lolote kuhusu ujira wa aliyeketi kwenye cherehani. Hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kumuuliza muuzaji, na akikosa jibu, aiandikie kampuni yenyewe. Simlaumu mwenye kipato kidogo anayenunua cha bei nafuu, kwa maana mzigo mkubwa ni wa kampuni na serikali. Lakini sisi tunaomudu kuchagua tunaweza kununua nguo chache zinazodumu, na iliyochanika tukaishona badala ya kuitupa. Shati nililovaa ninapoandika barua hii limegeuzwa kola mara moja, na bado ni imara.

Msomaji wako